Turbo na supape yake: sababu gani kutafuta nguvu kiisha kuitupa inje?

Katika toleo lililopita tulisema juu ya pampu ya mazutu, na tuliahidi kuendelea na turbo. Tulifikiri kazi itakuwa nyepesi: kuchora magurudumu mawili, kueleza namna yanavyozunguka, basi. Lakini siku ya somo mwenzetu mmoja wa mwaka wa tano mekanika alileta darasani kitu amekifunga katika kipande cha gunia. Alikifungua juu ya meza. Tukaona kopo ya chuma, ukubwa wake sawa ngumi ya mtoto, na fimbo nyembamba inatoka upande mmoja. Akauliza: "Mwalimu, njo hii iliua lori ya baba?"

Swali lile lilitushika majuma mawili mazima. Leo tunaandika yale tuliyopata.

Wengi wenu mnaijua ile lori. Ilikuwa inaleta mahindi toka upande wa Kaniama mpaka hapa Kamina. Siku moja shofa alirudi na furaha, akasema lori imepata nguvu mpya, vilima vyote inapanda bila kushusha vitesi. Mwenye lori alifurahi naye, wakaongeza magunia. Majuma matatu baadaye ikasimama njiani, moshi mweupe kila upande, maji ya radiata yanatoka na mafuta. Kisha kufungua moteri, fundi alikuta jwenti ya kichwa imepasuka na pistoni moja imetoboka juu, tundu la kuingiza kidole. Tangu siku ile lori iko katika lupango, matairi juu ya mawe. Na mwenzetu alikosa mwezi mzima wa masomo, kwa maana minervali yake ilikuwa inatoka ndani ya yale magunia.

Basi, tuanze na hewa.

Moteri inachoma mazutu ao esansi, lakini moto hauwaki bila hewa. Mnajua ninyi wenyewe: mtu akifunika mbabula, makala yanazimika hata kama ni mengi. Vilevile katika moteri. Si kutia mazutu mingi kunaleta nguvu. Ni kutia mazutu pamoja na hewa ya kutosha. Mazutu ikizidi hewa, inatoka moshi mweusi, na ule moshi ni feza yenu inayoruka.

Moteri ya kawaida inavuta hewa yenyewe, pistoni inaposhuka. Haiwezi kuvuta zaidi ya ile ambayo uzito wa anga unasukuma ndani. Kule chini, Banana ao Matadi, anga inasukuma karibu bari 1. Hapa Kamina tuko karibu mita 1,100 juu ya bahari, na anga yetu inasukuma karibu bari 0.89 tu. Ni kusema kila mara pistoni inaposhuka, moteri ya Kamina inakosa karibu sehemu moja juu ya nane ya hewa ambayo moteri ya Matadi inapata. Shofa anayesema "kule chini lori yangu ilikuwa na nguvu kuliko hapa" hasemi uongo.

Turbo ilitafutwa kwa kushinda jambo hili. Mwaka 1905 Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hati ya uvumbuzi kwa wazo la kutumia moshi wa moteri kusukuma hewa ndani ya moteri yenyewe. Mwaka 1918, wakati wa vita, Sanford Moss wa Marekani alipandisha moteri ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, kwa kuonyesha kwamba turbo inairudishia moteri ile nguvu inayopotea kule juu. Muone vizuri: mambo ya turbo yalikomaa kwa shida ya watu wanaofanya kazi mahali pa juu, sawa sisi.

Turbo yenyewe ni rahisi kuichora. Magurudumu mawili yenye mapanga yako juu ya mti mmoja wa chuma. Gurudumu la kwanza linakaa katika njia ya moshi. Moshi unatoka moto sana, mamia ya digri, na una haraka. Unalipiga gurudumu, linazunguka. Gurudumu la pili, juu ya mti uleule, linazunguka pamoja nalo, linakamata hewa safi toka filtre na kuisukuma ndani ya moteri. Katika moteri ndogo mti ule unapita mizunguko 100,000 kwa dakika. Tulijaribu kuwaza hesabu hiyo: ni zaidi ya mara 1,600 kwa sekunde moja, juu ya utando mwembamba wa mafuta. Njo sababu turbo inakufa upesi pale mafuta ni machafu, ao shofa anapozima moteri ghafula kiisha kupanda kilima.

Sasa tunafika pale penye swali. Tazameni mviringo huu. Hewa zaidi inaruhusu mazutu zaidi. Mazutu zaidi inatoa moshi zaidi. Moshi zaidi unazungusha turbo mbio zaidi. Turbo mbio zaidi inaleta hewa zaidi. Na hewa zaidi inaruhusu mazutu zaidi, tunarudi mwanzo. Kitu kinachojilisha chenyewe namna hii hakijui kusema "nimeshiba". Lazima mtu mwingine aseme kwa ajili yake.

Mtu huyo ni supape ya desharji. Mwanafunzi mmoja alisimama akauliza: kama turbo inatoa hewa mingi kupita kiasi, sababu gani tusitengeneze turbo ndogo ya kutosha, tuache mambo ya supape? Mwalimu alisifu swali, na jibu lake lina pande mbili. Kwanza, lori mingi za zamani zilifanywa hivyo kweli. Turbo yao ilipimwa na kiwanda kwa namna kwamba hata moteri ikifika mwisho wa nguvu zake, hewa haizidi. Hazina supape ya desharji. (Tunawaambia kwa sababu wawili kati yetu walilala saa nzima chini ya lori ya namna hiyo wakitafuta kitu ambacho hakiko.) Lakini turbo iliyopimwa kwa mwisho wa nguvu ni nzito kuamka. Moteri ikizunguka polepole, moshi ni kidogo, gurudumu halikimbii, na pale mtu anahitaji nguvu ya kutoka katika potopoto, nguvu haiko. Kwa hiyo wahandisi waliwaza: tuweke turbo ndogo inayoamka upesi, na pale inapoanza kuzidi, tuifungulie moshi njia ya pembeni.

Huko Marekani mwaka 1962 motokari mbili za watu, si za mbio, zilitoka na turbo. Moja, Oldsmobile Jetfire, ilikuwa na supape ya desharji. Nyingine, Chevrolet Corvair, haikuwa nayo, ilitegemea njia ya moshi iwe nyembamba ya kuzuia turbo isizidi. Njia zote mbili zilijaribiwa mwaka mmoja. Saab ya Sweden ilipotoa 99 Turbo, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilitumia turbo ndogo yenye supape, na tangu pale karibu motokari zote za turbo zilifuata namna hiyo.

Hapa tunaomba msome polepole, maana karibu darasa zima lilikosea. Tulifikiri supape ya desharji inatupa ile hewa iliyofinywa. Hapana. Inatupa moshi. Iko upande wa moto, mbele ya gurudumu la kwanza. Ni kamlango kadogo kanakofunika tundu. Kamlango kakifunguka, sehemu ya moshi inapita pembeni, hailigusi gurudumu, inakwenda moja kwa moja katika eshapema. Gurudumu linapata msukumo kidogo, linapunguza mbio, na hewa inatulia. Basi hatutupi nguvu tuliyoikusanya. Tunaacha kukusanya zaidi. Moshi ule ulikuwa unatupwa tu hata kabla ya turbo kubuniwa.

Nani anafungua kamlango? Njo ile kopo ya mwenzetu. Mafundi wa hapa wanaiita kwa Kifaransa "poumon", maana yake pafu, na jina ni zuri kwa sababu inafanya kazi sawa pafu. Ndani kuna membrani ya mpira inayogawanya kopo vyumba viwili. Upande mmoja kuna resore yenye nguvu inayovuta fimbo ili kamlango kakae kimefungwa. Upande wa pili kunaingia katiyo kadogo ka mpira kanakotoka pale turbo inapotolea hewa. Hewa ikiwa kidogo, resore inashinda, kamlango kamefungwa, moshi wote unafanya kazi. Hewa ikipanda mpaka kushinda resore, membrani inasukuma fimbo, kamlango kanafunguka. Hewa ikishuka, resore inarudisha. Hakuna mtu anayeamuru, hakuna umeme. Hewa yenyewe inakuja kutoa ushahidi juu yake yenyewe.

Tufanye hesabu. Tulipima membrani ya mwenzetu, kipenyo chake sm 5. Eneo lake ni 3.14 mara 2.5 mara 2.5, tunapata karibu sm² 19.6. Msukumo wa bari 1 ni karibu kilo moja juu ya kila sm². Turbo ikitoa bari 0.8 juu ya anga, membrani inasukumwa na 19.6 mara 0.8, karibu kilo 16. Huo ni uzito wa mtoto wa miaka mine akisimama juu ya kitu kisichopita kiganja cha mkono. Mwenye kudharau katiyo kembamba akumbuke hizo kilo 16.

Kiisha hesabu tulifanya jaribio, na tunaliandika lote kwa sababu shule nyingine zinaweza kulifanya bila feza. Tulitwaa pampu ya kinga, kipande cha tiyo ya mpira, na manometri ya kupimia matairi. Tulifunga pafu katika eto, tukaunganisha pampu, tukaweka alama ya chaki mahali fimbo inapokaa. Mwenzetu mwenyewe ndiye alipiga pampu, mwalimu alimpa nafasi hiyo. Bari 0.2, fimbo haitingishiki. 0.4, bado. 0.6, tulisikia kasauti, fimbo ikatoka kidogo sana, kama unene wa ukucha. 0.8, ikatoka milimita kadhaa. Aliacha pampu, ikarudi polepole mpaka kwenye chaki. Alirudia mara tatu, mara zote vilevile. Membrani haijapasuka, resore haijachoka. Pafu lilikuwa zima kabisa.

Darasa lilinyamaza. Kama pafu ni zima, nani aliua lori?

Mwenzetu akatoa kitu cha pili mfukoni. Kilikuwa ni katiyo chenyewe, kimekatika, na mwisho wake umefungwa na waya. Kumbe mpira ulichakaa kwa joto, ukapasuka. Konvoyeri alisikia hewa inapiga filimbi, akafanya vile watu wengi wangefanya: alikunja mwisho, akakaza waya, filimbi ikanyamaza. Hakufanya kwa ubaya. Lakini toka saa ile pafu halikusikia habari yoyote toka kwa turbo. Resore ikashikilia kamlango, moshi wote ukapiga gurudumu, hewa ikapanda bila mtu wa kuizuia. Njo ile "nguvu mpya" shofa aliifurahia.

Na bado si yote. Tuseme kweli: katika moteri ya mazutu, hewa peke yake haiyeyushi pistoni. Hewa inayozidi inaleta mabaya ya namna nyingine. Gurudumu linapita mbio zilizopimwa. Na msukumo ndani ya silinda unapanda kwa kipimo kilekile: kama hewa inayoingia imezidi kwa sehemu 4 juu ya 10, basi pistoni inapoifinya, msukumo nao unazidi sehemu 4 juu ya 10, hata kabla ya mazutu kuwaka. Jwenti ya kichwa, iliyokazwa kwa kushika kiasi fulani, inaanza kuachilia. Lakini tundu juu ya pistoni linasema habari ya mazutu. Tulipouliza, ilijulikana kwamba mtu fulani aliona nguvu imeongezeka, akataka kuongeza zaidi, akafungua visi ya pampu. Mazutu mingi juu ya hewa mingi, kilima kirefu, mzigo wa kupita kiasi. Visi ile ilikuwa na alama ya kiwanda iliyovunjwa. Kwa hiyo makosa ni mawili, na kila moja lilimficha mwenzake: shofa hakuona moshi mweusi wa kumwonya, kwa sababu hewa ilikuwa mingi.

Mtu atauliza juu ya supape nyingine, ile inayopiga "pshii". Kwanza, sauti ile mnayoisikia sokoni lori kubwa inaposimama haitoki katika turbo. Ni hewa ya breki. Tumeona hata watu wazima wakibishana juu ya hilo. Lakini ni kweli kwamba motokari za esansi zenye turbo zina supape ya pili, na hii iko upande wa hewa safi. Moteri ya esansi ina kipepeo, kibati kinachofunga njia ya hewa mtu anapotoa mguu juu ya gazi. Turbo bado inakimbia, hewa inakuja na nguvu, inakuta mlango umefungwa, inarudi nyuma na kulipiga gurudumu. Ili kuzuia hilo, supape ile inafunguka kwa mvuto unaotokea nyuma ya kipepeo, na kuitoa hewa inje ao kuirudisha mbele ya turbo. Moteri za mazutu kwa kawaida hazifungi hewa kwa kipepeo namna hiyo, kwa hiyo hazihitaji supape hiyo.

Kuna pia namna ya tatu, ya resore tu, inayokaa juu ya njia ya hewa na kufunguka kwa kipimo kimoja. Ni ndugu wa kifuniko cha radiata, na wa ile supape iliyokuwa juu ya lokomotivu za mvuke ambazo wazee wa reli hapa Kamina wanazikumbuka. Katika mashindano ya Formula 1 mwaka 1987 wakubwa wa mchezo walilazimisha kila moteri ya turbo iwe na supape ya namna hiyo ya bari 4, mwaka 1988 wakaishusha mpaka 2.5, na mwaka 1989 turbo zikakatazwa. Watu waliokuwa wanatafuta nguvu bila mwisho hawakuweza kuachiwa kujipimia wenyewe.

Karibu na sisi kuna mfano unaopendeza zaidi. Katika Safari Rally ya Kenya, Toyota Celica yenye turbo ilishinda miaka mitatu mfululizo: 1984 na Björn Waldegård, 1985 na Juha Kankkunen, 1986 na Waldegård tena. Ile njia inapita mavumbi, matope na mahali pa juu kuliko Kamina, na Nairobi yenyewe iko zaidi ya mita 1,600. Ushindi ulitaka moteri inayofika mwisho wa safari, si ile yenye nguvu siku moja.

Jambo moja zaidi kwa wale wa mwaka wa sita. Upande wa resore ndani ya pafu umefunguliwa kwa anga. Kwa hiyo pafu linapima tofauti kati ya hewa ya turbo na anga ya mahali, si hewa yote. Supape ya bari 0.8 inampa mtu wa Matadi karibu bari 1.8 kwa jumla, na mtu wa Kamina 1.69. Turbo inapunguza ule upungufu wa mahali petu, lakini pafu la namna hii haliumalizi wote. Katika motokari za sasa kazi hii inafanywa mara mingi na kompyuta, na turbo mingi za mazutu hazina tena kamlango. Zina mapanga yanayogeuka kuuzunguka gurudumu na kubadili njia ya moshi. Hizo tutaziandika siku nyingine, tukipata moja ya kufungua.

Kuhusu lori: moteri ya okazyoni imetafutwa Lubumbashi, inangojewa kwa treni. Mwenzetu amerudi darasani. Pafu ameliacha katika kabati ya mekanika mpaka moteri itakapofika, na pembeni yake ameweka katiyo kapya, alikanunua mwenyewe.

ZOEZI kwa mwaka wa nne na wa tano. Membrani ina kipenyo cha sm 6. Resore inaanza kukubali pale inaposukumwa na kilo 20. (a) Kamlango kataanza kufunguka kwa bari ngapi juu ya anga? (b) Katiyo kakikatika na mwisho wake kufungwa na waya, kataanza kufunguka kwa bari ngapi? Majibu yawekwe katika sanduku la gazeti, karibu na mlango wa biro ya Prefe, mbele ya siku ya Ijumaa. Andikeni hesabu yote, si jibu peke yake.